Tundu limezibwa, mbona moyo bado una hofu? Tuliozibwa tundu la moyo, tupeane uzoefu

Pumzi Mpya (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu zangu. Leo ni wiki ya tano tangu nizibwe tundu la moyo, na nimeona nisiendelee kukaa na haya mambo peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Nimeishi na tundu la milimita 22 kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo, na sikulijua hata siku moja. Nikipanda ngazi nilihema, nikajiambia ndivyo nilivyoumbwa. Shuleni nilikuwa wa mwisho kwenye mbio, nikaitwa mvivu, nami nikaamini. Liligunduliwa nilipokwenda kupimwa kwa jambo lingine kabisa. Daktari aliweka kipimo kifuani, akanyamaza, akasikiliza tena. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa kubeba damu ya ziada miaka yote hiyo.

Sikupasuliwa kifua. Walipitisha mrija kwenye mshipa wa kinena, wakaufikisha moyoni, wakafungua kifaa chenye visahani viwili vya nyaya laini, kimoja upande huu wa ukuta na kingine upande ule. Kesho yake nikarudi nyumbani. Kinena kilivilia damu, paja likawa jeusi, kisha zambarau, kisha manjano. Hilo niliambiwa mapema, halikunitisha.

Lililonitisha ni lile nisiloambiwa. Wiki ya pili moyo ulianza kuruka. Unapiga, unakosa pigo moja, kisha linakuja pigo zito kama la mtu aliyekosa kidato cha ngazi gizani. Nimeacha kulala ubavu wa kushoto kwa sababu nikiulalia nasikia kila kitu. Mchana najishika shingoni kuhesabu mapigo mpaka mume wangu ananitoa mkono. Nalia bafuni nikiwa nimefungulia maji ili watoto wasisikie. Kila anayekuja kunijulia hali ananiuliza, "Si umeshapona?" Na kweli nimepona, eko inaonyesha kifaa kimekaa vizuri na hakuna damu inayovuja. Sasa hii hofu ni ya nini, na mbona imekuja baada ya kazi kuisha?

Naombeni waliopitia haya, wawe wamewekewa kifaa au wamepasuliwa, wao wenyewe au watoto wao, wanieleze. Mwili ulichukua muda gani? Na huu moyo mwingine, usioonekana kwenye eko, ulitulia lini?


Kovu la Kati

Dada Pumzi, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni wa kundi la waliopasuliwa. Tundu langu lilikuwa juu kabisa, karibu na pale mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia moyoni, na mishipa kadhaa ya mapafu ilikuwa inamwaga damu upande usio wake. Kwa tundu la namna hiyo kifaa hakina pa kushika. Walinipasua mfupa wa kidari, wakanihamishia kwenye mashine ya moyo na mapafu, wakashona kiraka. Nilikuwa na miaka 41.

Nianze na mwili, maana huo ni rahisi kuuelezea. Nilipewa mto mdogo mgumu nikaambiwa huu usiuache. Ukitaka kukohoa, ukumbatie. Ukitaka kupiga chafya, ukumbatie kwa nguvu zako zote. Siku ya kwanza nilipuuza, chafya moja ikanifundisha. Kidari kimefungwa kwa nyaya za chuma, nacho kinahitaji wiki 6 mpaka 8 kushikana vizuri, na miezi kama 3 kukomaa. Muda huo hunyanyui kitu kizito, mimi niliwekewa mpaka wa kilo 5. Husukumi mlango mzito. Hujivuti kwa mikono kuinuka kitandani, bali unageuka ubavu, unashusha miguu, unainuka kwa nguvu za mapaja. Gari nilikatazwa kuendesha wiki 6. Kulala ni chali tu, na mimi tangu utotoni nalala kifudifudi, kwa hiyo mwezi wa kwanza sidhani kama nililala saa tatu mfululizo.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Siku niliyorudi alikimbilia mlangoni amenyoosha mikono abebwe, na mimi siwezi kubeba hata mfuko wake wa shule. Nikakaa sakafuni ili yeye ndiye aje kwangu. Tulisalimiana hivyo miezi miwili.

Wiki ya tatu nikapata homa, na kifua kikawa kinachoma nikivuta pumzi ndani. Nikiinama mbele napata nafuu, nikilala chali kinazidi. Nikajisemea ni kidonda tu, nikavumilia siku mbili. Msifanye kama mimi. Mfuko unaouzunguka moyo ulikuwa umevimba na kujaa maji, jambo linalojulikana sana kuwapata watu wiki chache baada ya kupasuliwa moyo. Nilitibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe pamoja na kolchisini, yakakauka. Ila maji yakiwa mengi yanaweza kuubana moyo ukashindwa kujaa damu, na hapo hakuna cha kuvumilia.

Sasa machozi. Mimi mara ya mwisho kulia ilikuwa msiba wa baba. Baada ya upasuaji nililia nikisikiliza taarifa ya habari. Nililia mke wangu aliponifunga kamba za viatu. Halafu nikawa nasahau maneno, nataka kusema "ufunguo" nasema "kile cha mlangoni". Hilo liliniogopesha kuliko kovu. Nilidhani akili imebaki kwenye ile mashine. Aliyeniokoa ni dada wa mazoezi tiba. Nilimweleza kwa aibu, akasema karibu kila anayemhudumia humwambia hivyohivyo, ila kila mmoja hudhani ni yeye peke yake. Ule ukungu uliondoka taratibu, mwezi wa pili nikawa najishtukia nimesoma ukurasa mzima na kuuelewa.

Kutembea nilianza na dakika 5, humohumo ndani. Kila siku nikaongeza dakika moja au mbili. Ikifika siku mwili umekataa, narudi ya jana. Wiki ya sita nilitembea nusu saa nje, peke yangu, na mto wangu kwapani.


Baba wa Mmoja

Sisi ni wa mtoto. Mwanangu alizibwa kwa upasuaji akiwa na mwaka mmoja na nusu, tundu kati ya vyumba vya chini. Kabla ya hapo alikuwa akinyonya anatoka jasho kichwani kama mtu mzima anayelima, haongezeki uzito, kila mwezi kifua.

Jamani, watoto wana miili ya ajabu. Siku ya tano anataka kukimbia na sisi ndio tunamshika. Tuliambiwa tusimnyanyue kwa kumshika makwapani, kwa sababu kidari chake bado. Unaingiza mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, unamchota. Wiki 6 hivyo. Bibi yake alisahau mara moja, mtoto akapiga ukelele ambao bado ninausikia.

Lakini usiku alibadilika. Mtoto aliyekuwa analala mwenyewe akawa hataki kuachwa hata mama aende chooni. Akiona mtu aliyevaa nguo nyeupe anajificha. Alikuwa ameanza kusema maneno mawili matatu, akayaacha kabisa kwa wiki kadhaa. Tuliogopa kwamba kitu kimeharibika, kumbe alikuwa anatuambia kwa njia yake kwamba ameogopa. Tulimrudisha kulala katikati yetu. Maneno yakarudi, na mengine mapya.

Mke wangu ndiye aliyechelewa kupona. Alikuwa anarudia kujiuliza alikula nini, alibeba nini, alikosea wapi wakati wa mimba. Mahali popote duniani, karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na hitilafu fulani ya moyo, na wengi wao chanzo hakijulikani. Nilimwambia hayo mara mia, hayakuingia. Yalimwingia siku daktari wa moyo alipomgeukia yeye, si mtoto, akamwambia, "Mama, hili si wewe." Najiuliza hadi leo kwa nini mtu hakulisema siku ya kwanza.

Swali langu kwa wenye uelewa: watoto hawa huishi hadi umri gani? Naogopa kuuliza kliniki mke wangu akiwepo.


Muuguzi Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi wodi ya moyo miaka mingi, na nimesoma yenu yote.

Baba, nikujibu wewe kwanza. Septemba 2, 1952, huko Minnesota, Marekani, timu ya daktari F. John Lewis ilimpoza mwili mtoto wa kike wa miaka 5 ili aweze kustahimili moyo kusimama kwa dakika chache, wakamfungia tundu la vyumba vya juu. Mei 6, 1953, huko Philadelphia, John Gibbon akamfungia tundu msichana wa miaka 18 akitumia mashine ya moyo na mapafu aliyokuwa ameihangaikia karibu miaka ishirini. Kwa hiyo hii si kazi ya majaribio, ina zaidi ya miaka sabini. Mtoto aliyezibwa mapema, kabla mapafu hayajaharibika, na akabaki bila hitilafu nyingine, hutarajiwa kukua, kusoma na kuzeeka. Kliniki asiache hata akiwa na ndevu. Ya vyumba vya chini hufuatiliwa pia kwa sababu njia za umeme wa moyo hupita jirani na pale palipowekwa kiraka. Na umuulize daktari mbele ya mkeo. Yeye naye anangoja mtu aulize.

Binti yangu Pumzi, kuruka kwa moyo. Kifaa kimewekwa kwenye ukuta ulio hai, nao hukereka mpaka ukizoee. Halafu moyo wako upande wa kulia ulikuwa umetanuka, sasa unarudi kwenye kipimo chake. Mapigo ya ziada wiki na miezi ya kwanza nimeyaona kwa wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndani ya miezi kama 6 chembe hai za moyo wenyewe hutambaa juu ya zile nyaya, zikakifunika kifaa. Ndiyo maana aspirini huandikwa kwa angalau miezi 6, mara nyingi na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwanzoni, ili damu isigande juu ya chuma kabla hakijafunikwa. Ndiyo maana ukitaka kung'oa jino ndani ya muda huo unamwambia daktari wa meno upewe antibiotiki kwanza. Ndiyo maana pia wanawake huambiwa wasubiri miezi hiyo ipite kabla ya kushika mimba.

Lakini kuwa jambo la kawaida kwa wengi hakumaanishi ni salama kwa wote, kwa hiyo usikae nalo nyumbani. Omba kile kimashine kidogo kinachorekodi mapigo saa 24, upate jibu lenye karatasi. Na haya msiyasubirie miadi: moyo kwenda mbio hautulii hata umekaa, kuzimia, maumivu ya kifua au pumzi kukatika ghafla, homa isiyo na sababu, mdomo kupinda au mkono kufa ganzi. Ni nadra sana kifaa kuhama au kusugua ukuta wa moyo, ila kinapofanya hivyo dalili ndizo hizohizo, na muda ndio kila kitu. Kinena kikivimba au kutoka damu upya, lala chini, kandamiza kwa nguvu, mtu aite msaada.

Kuhusu kulia. Wodini tulikuwa tunaandika joto, presha, mkojo, mapigo. Hatukuwa na safu ya kuandika kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne amelala ametazama ukuta tangu asubuhi. Nilijua, nikapita, kwa sababu kitanda cha tano kilikuwa kinavuja damu. Hilo linaniuma nikiwa nyumbani sasa. Kama huzuni inakaa zaidi ya wiki mbili, usingizi hauji, hutaki kitu wala mtu, iseme kliniki kama unavyosema maumivu ya kifua. Sonona baada ya ugonjwa wa moyo hutibika.


Kichwa Kizito

Naongeza kitu ambacho hakijatajwa: kipandauso. Sijawahi kuwa nacho maisha yangu. Siku ya nne baada ya kuwekewa kifaa nikaona vimulimuli upande mmoja wa jicho, kama mistari ya radi, kisha kichwa kikapasuka. Nilijua ni kiharusi. Nilikimbizwa, nikapigwa picha ya ubongo, safi. Ndipo nikaambiwa baadhi ya watu hupata kipandauso kipya miezi ya mwanzo baada ya kuzibwa tundu la juu. Kuna utafiti wa Kanada wa 2015 ulioonyesha kwamba wanaopewa klopidogreli pamoja na aspirini miezi mitatu ya kwanza hupungukiwa siku za kipandauso kuliko wanaopewa aspirini pekee. Mimi nilikuwa na aspirini peke yake, daktari akaniongezea, vikapungua sana. Leo ni mwezi wa nane, sina. Msijiongezee dawa wenyewe lakini, hizi zinapunguza damu kuganda na zina hatari zake.


Mkimbiaji wa Asubuhi

Mimi tundu langu lilikuwa lile la kichanga, ambalo kila mtoto huwa nalo tumboni na linapaswa kujifunga baada ya kuzaliwa. Karibu mtu mzima 1 kati ya 4 analo hadi leo na wengi halitawasumbua kamwe. Mimi bonge la damu lilipita humo likaenda kwenye ubongo. Miaka 38, nakimbia kilomita 10 asubuhi, nikaangusha kikombe na nikashindwa kukiambia kitu chochote kinywa changu.

Mwaka 2017 tafiti tatu kubwa zilitoka pamoja zikionyesha kwamba kwa watu wa umri kama wangu, wenye kiharusi kisicho na sababu nyingine, kuziba tundu hupunguza uwezekano wa kiharusi kurudi. Nilizibwa bila kusita. Kwa mwili, ilikuwa nyepesi kuliko yenu wote, wiki moja bila kunyanyua vitu, baada ya mwezi nikaruhusiwa kuanza kukimbia polepole.

Ila nataka kuwaambia wa kundi langu jambo moja. Wenzetu kama dada Pumzi wakizibwa siku moja wanapanda ngazi na kushangaa pumzi ipo. Sisi hatupati hiyo zawadi. Mimi sikuwa nahema kabla, na sihemi baada. Hakuna kitu mwilini kinachokuja kuniambia "sasa uko salama". Kila nikilalia mkono ukafa ganzi, naamka nasema jina langu kwa sauti nisikie kama maneno yananyooka. Nasema jina langu, la mke wangu, na siku ya leo. Nilifanya hivyo kila usiku karibu mwaka mzima. Sikuwa napona tundu, nilikuwa napona ile asubuhi ya kikombe. Nilipolielewa hilo ndipo nikaenda kwa mshauri nasaha, na si kwa daktari wa moyo tena. Sasa nasema majina hayo labda mara moja kwa mwezi.


Mke wa Aliyezibwa

Naombeni nafasi ya sisi tunaolala pembeni yao. Mume wangu alipasuliwa. Usiku nilikuwa naweka kiganja mgongoni mwake kuhakikisha unapanda na kushuka. Yeye anadhani nilikuwa namkumbatia.

Na kuna jambo hakuna anayeliandika. Miezi minne hatukugusana. Yeye aliogopa moyo wake, mimi niliogopa kidari chake, na kila mmoja akadhani mwenzake hamtaki tena. Mwishowe nilimuuliza daktari mwenyewe, uso ukiniwaka. Alijibu kama aliyeulizwa kuhusu kuoga: waliowekewa kifaa, kinena kikishapona; waliopasuliwa, mara nyingi wakiweza kupanda ngazi ghorofa mbili bila kuhema wala maumivu, na uzito usikae juu ya kifua mpaka mfupa ushikane. Sisi tulikuwa tumepitisha muda huo zamani. Ulizeni mapema.


Mpita Njia

Naandika bila nia mbaya. Mmetibiwa. Mmeamka. Mshukuruni Mungu, hayo ya kulia yatapita. Wengine hawakufika hapo.


Kovu la Kati

Ndugu Mpita Njia, tunashukuru, tena kila siku. Lakini kama kuna mtu wako hakufika hapo, hapa ni mahali pa kusema pia.


Mpita Njia

Ni kaka yangu. Tundu lake liligunduliwa akiwa na miaka 27. Damu ilikuwa imepita kwa nguvu kwenye mapafu miaka mingi mpaka mishipa ya mapafu ikakakamaa, presha ikapanda, damu ikaanza kurudi kinyume. Midomo na kucha zilikuwa za bluu. Tulikwenda tukiwa na furaha kwamba kumbe ni tundu tu, litazibwa. Wakatuambia limechelewa, kuliziba sasa ndiko kungemuua, kwa sababu tundu lenyewe ndilo lililobaki kuwa njia ya moyo kupumulia. Aliishi miaka sita.

Niliposoma kwamba mtu amezibwa na analia, nilikasirika. Nimesoma yote tena usiku. Samahani dada. Kama angezibwa, nadhani naye angelia bafuni, na mimi ningekuwa yule anayemuuliza "Si umepona?"


Pumzi Mpya

Hapana samahani, dada au kaka, asante kwa kumleta hapa. Nimesoma habari za kaka yako nikiwa nimeshika kifua. Hiki ndicho nilichokuwa sijui kukitaja. Nalia pia kwa sababu mimi nilipata nafasi na sijui kwa nini niwe mimi.

Mama Muuguzi, shikamoo. Nilifanya ulivyosema. Saa 24 zile zimeonyesha mapigo ya ziada ya vyumba vya juu, yametawanyika, hakuna mfululizo. Daktari hakunipa dawa. Niliomba nakala ya karatasi, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Moyo ukiruka nafungua, nasoma, nafunga. Na nilimwambia kuhusu kulia. Nilidhani atanitazama vibaya, akanipangia mtu wa kuongea naye kila wiki.


Pumzi Mpya

Nimerudi. Ni miezi 6 na siku chache. Nimeona wengi wapya wanauliza ilikuwaje, nami nisingependa mada iishe bila jibu.

Eko ya mwezi wa sita: kifaa kiko mahali pake, hakuna kinachovuja, na upande wa kulia umesinyaa karibu ya kawaida. Ngazi za ofisini zina vidato 48. Zamani nilikuwa nasimama katikati nikijifanya naangalia simu. Mwezi wa tatu nilijikuta nimefika juu naongea na mwenzangu, sentensi haijakatika. Nilisimama palepale mlangoni, yeye akadhani nimesahau kitu. Miaka 34 nilikuwa nimezoea kuishi nusu pumzi na kuiita uvivu. Nilimkumbuka yule mtoto wa mwisho kwenye mbio, na nililia tena, lakini safari hii sikufungulia maji.

Ambacho sikukitarajia: daktari amesema aspirini sasa basi. Miezi sita nilikuwa naichukia, kila nikijigonga meza napata alama, nikipiga mswaki fizi zinatoa damu. Alipoiondoa nikaogopa kuiacha. Nilimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Nilibaki na vidonge kumi na moja, nikakaa navyo kwenye droo siku mbili, kisha nikavirudisha dirisha la dawa ili nisishawishike.

Mume wangu sasa hanitoi mkono shingoni, maana hauko huko mara nyingi. Mazungumzo ya kila wiki yamekuwa ya kila mwezi. Zipo siku mbaya bado. Siku ya mwaka wa kumbukumbu ya kugunduliwa kwa tundu inakaribia na nimeshaona ninakuwa mkali kwa watoto bila sababu, kwa hiyo nimewaambia kwa nini.

Leo ni siku ya nne bila kidonge. Jana usiku nililala ubavu wa kushoto. Pigo moja liliruka, nikalisikia vizuri kabisa. Nikangoja linalofuata. Lilikuja, na lingine, nikapitiwa na usingizi.